Majani Mekundu ya Oktoba

Jumamosi moja ya Oktoba 1997, nikiwa kidato cha pili mjini Iringa, nilimfuata mjomba wangu kwenda kutundika mizinga ya nyuki kando ya Mto Ruaha Mdogo, si mbali na Kalenga. Wiki hiyohiyo mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba nchi za mbali zina majira ya kuchipua, yanayokuja theluji inapokwisha, na kwamba sisi tuna mvua na kiangazi tu. Niliyaamini maneno hayo mpaka tulipofika ukingoni.

Nyasi zilikuwa zimeungua, na mto wenyewe ulikuwa umenywea hata mawe yake yakabaki nje yakikauka juani. Hapakuwa na mvua ya maana tangu Mei, jambo la kawaida huko kwetu ambako msimu wa mvua ni mmoja tu, na huanza Novemba au Desemba. Hata hivyo kilima cha ng'ambo kilikuwa chekundu chote. Nilidhani kimebabuliwa na moto, nikamwambia mjomba kwamba miombo imekufa.

"Imekufa?" aliuliza, akaushusha mzinga begani na kuvuta tawi lililoinama njiani. "Haya, njoo ushike hicho kilichokufa."

Majani yalikuwa laini kama kitambaa kilichotoka majini, yakining'inia kwa ulegevu, rangi yake ikiwa damu ya mzee kwenye ncha na shaba kuelekea chini, ambako yale yaliyotangulia kuchipua yalikwisha kuanza ukijani. Kila jani lilikuwa na vijani vidogo vilivyopangwa viwili viwili, na nilipoliinua kuelekea jua mwanga ulipenya, nikaona mishipa yake yote. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba wekundu huo hutokana na rangi iitwayo anthosianini, na kwamba miti hii huweza kuchipua wiki kadhaa kabla ya mvua kwa sababu mizizi yake huyafikia maji yaliyo chini sana. Siku ile nilipata maelezo mafupi zaidi.

"Nyuki hawangoji mvua, mjomba. Miombo ikishavaa nguo, maua yako njiani."

Ndiyo maana alikuwa na haraka, kwani mzinga unaotundikwa maua yakiwa yamekwisha kufunguka hukuta makundi mengi yameshapata makao. Tulivuka kwa kukanyaga mawe, mawe yaleyale ambayo hayakuonekana tena mvua za El Niño zilipotufikia. Mahali fulani juu ya mikuyu ndege aitwaye kekeo alikuwa akirudia sauti zake tatu zinazoshuka, bila kuchoka, na mjomba alisema huyo ndiye anayeita mvua. Mimi nilimwona msumbufu tu, na kumwona kwa macho sikufanikiwa.

Mizinga mitatu ilipanda bila shida. Wa nne, uliochongwa kwa gogo zito kuliko yote, tuliupandisha kwa kamba hadi kwenye panda la mkuyu uliojaa matunda tangu shinani, huku tumbili wakitutazama kwa hasira. Mjomba alikuwa ameupaka nta kwa ndani tangu asubuhi, na joto la mchana liliieneza harufu yake mpaka nilipokuwa nimesimama. Kabla hajamaliza kufunga fundo la pili, nyuki wawili walikwisha kufika, wakawa wanaingia na kutoka tunduni kana kwamba wanaupima.