Nilivyowafanya vijana wa karakana wajiite mafundi haidroliki

Miaka mingi sisi tulikuwa hatuna jina. Ukiuliza kiwandani fundi umeme ni nani wanakuonyesha, fundi welda wanamjua, wa kompyuta ndo kabisa, ila anayeshughulika na pampu, silinda na valvu wanamwita "yule wa mafuta". Na kazi yenyewe ndo inabeba mambo mengi, presi haishuki, forklifti hainyanyui, kijiko hakichimbi kama hakuna mafuta yenye presha, ndo haidroliki yenyewe hiyo. Nimekaa kwenye hii kazi zaidi ya miaka 20, ikafika siku naangalia karakana nimebaki mimi na mzee mmoja anayekaribia kustaafu, vijana karibu wote niliowafundisha wamehamia umeme.

Nikamuuliza mmoja wao, kaka, hebu niambie ukweli umeondoka kwa nini, mshahara? Akaniambia mshahara ni sehemu tu, "fundi, mi nikiulizwa nafanya kazi gani nilikuwa nashindwa kujibu, na hakuna karatasi inayosema najua nini". Ile kauli ilinikaa rohoni wiki nzima. Nikaenda kwa bosi kuwaombea nyongeza waliobaki, naye akaniuliza niwaongezee kwa kazi ipi, maana kwenye makaratasi wote ni wasaidizi wa matengenezo. Nilitoka na hasira lakini usiku nikakubali kwamba ana hoja, kama sisi wenyewe hatuwezi kusema kijana wa mwaka wa kwanza anatakiwa kujua nini na wa mwaka wa tatu nini, yeye atajuaje.

Kilichoniamsha zaidi ni presi moja. Nilikuwa likizo, narudi nakuta wamebadilisha pampu mara tatu ndani ya miezi michache na mpya nayo inalia kama inasaga kokoto. Yeyote aliyekaa na pampu anaijua ile sauti, pampu inakosa mafuta upande wa kunyonya, vinatokea vipovu vidogo vinavyopasuka vikifika kwenye presha na kila kimoja kinang'oa chuma kidogo kidogo. Tukafungua tanki, chujio la kwenye njia ya kunyonya limeziba limekuwa kama tope. Pampu tatu zimekufa kwa sababu ya chujio! Na nilipowauliza nani alipima wakaangaliana, hakuna aliyepima, kila mmoja alifanya alichoona wakubwa wanafanya, ikigoma badilisha. Wakubwa wenyewe ndo mimi. Kwa hiyo siku ile sikumgombeza mtu, nikatoa sheria moja tu, geji kwanza spana baadaye, hakuna kufungua kitu mpaka umeandika namba.

Sasa kuandika namba bila kuelewa ni kazi bure, ikabidi nirudi chini kabisa. Jambo ambalo hata wenye miaka kumi kazini walikuwa hawana ni hili, pampu haitengenezi presha. Pampu inasukuma mafuta basi, presha inakuja pale mafuta yanapokutana na kizuizi, mzigo au valvu iliyofungwa. Ukishika hilo unaacha ile tabia ya kukaza relifu valvu (ile inayoachia mafuta presha ikizidi) kila silinda ikienda polepole, kwa sababu polepole ni shida ya mtiririko, mafuta hayafiki ya kutosha, lakini silinda ikienda vizuri halafu ikakosa nguvu mbele ya mzigo hapo ndo unatafuta presha inapopotelea. Nimeona relifu zimekazwa mpaka mwisho, mashine bado iko polepole, na sasa ni ya hatari juu yake.

Tukapiga na hesabu ubaoni. Silinda ya kipenyo milimita 100, eneo lake kama sentimita za mraba 78.5, presha baa 200 (baa ni kipimo cha presha), unapata nguvu ya karibu tani 16. Kijana mmoja akanyamaza halafu akasema kwa hiyo hiki ninachokigusa kila siku kinaweza kunyanyua tani 16? Ndiyo. Nilimuona anaiangalia ile silinda kwa macho mengine.

Halafu michoro. Hapa nitakaa kidogo maana ndo palipobadilisha kila kitu. Alama za haidroliki zina kiwango chake cha kimataifa, ISO 1219, na ukizijua unasoma mchoro wa mashine iliyotengenezwa popote duniani hata kama maandishi yake huyaelewi. Duara lenye pembetatu inayotazama nje ni pampu, ikitazama ndani ni mota, pembetatu iliyojazwa ni mafuta na iliyo wazi ni hewa, valvu ni visanduku vimekaa pamoja na kila kisanduku ni mkao mmoja wa valvu. Kila asubuhi nusu saa kabla ya kushika vyombo tulichora kwa chaki sakafuni, alama moja au mbili tu, halafu tunaenda kwenye mashine yenyewe tunaitafuta. Unashika laini ya P, yaani ya presha, kutoka kwenye pampu unaifuata kwa kidole kwenye karatasi na mwenzako anaifuata kwa macho kwenye mashine (imezimwa), mkifika kwenye valvu mnabishana. Mabishano ndo yalifundisha kuliko mimi.

Mashine nyingine zilikuwa hazina mchoro, umepotea zamani, hapo nikawapa kazi wauchore wenyewe. Ya kwanza iliwachukua wiki mbili na ilikuwa na makosa, walisahau chek valvu moja (inayopitisha mafuta upande mmoja tu) iliyojificha ndani ya bloku. Tukarekebisha, tukaichora upya safi, wakaandika majina yao na tarehe pembeni, ikabandikwa kwenye mlango wa mashine. Aisee, sikutegemea kitakachofuata. Mtu wa zamu nyingine akija anaona mchoro, anaona nani ameuchora, anamtafuta kumuuliza. Kijana aliyekuwa "yule wa mafuta" sasa anatafutwa kwa jina. Bila mimi kusema kitu wakaanza kuandikiana kwenye daftari la mashine, namba kabla, namba baada, kilichoonekana, sahihi.

Usafi ndo ulikuwa mgumu, manake karakana nyingi zimezoea kwamba mafuta ni uchafu tayari kwa hiyo uchafu kidogo si shida. Jicho la mtu linaanza kuona chembe ya kama maikroni 40 hivi (maikroni elfu moja ndo milimita moja), na nafasi kati ya spuli, kile kipande kinachoteleza ndani, na bodi ya valvu ni maikroni chache tu, yaani kinachoua valvu hukioni. Kuna kiwango cha kuhesabu hizo chembe, ISO 4406, kinatoa namba tatu kama 18/16/13, ya kwanza ni za kuanzia maikroni 4, ya pili 6, ya tatu 14, na kila namba ikipanda moja ujue kiwango cha juu cha chembe kimezidishwa mara mbili. Niliwaeleza wakaitikia tu kwa heshima. Basi tukachukua mafuta mapya kabisa kutoka kwenye pipa halijafunguliwa, tukayapitisha kwenye kitambaa cha kuchujia, tukaweka chini ya hadubini. Walipoona ule mchanga ndani ya mafuta MAPYA hakuna aliyebisha tena. Tangu siku ile mafuta hayaingii tankini bila kupita kwenye filta, hozi ikifunguliwa inazibwa na kifuniko papo hapo, na matambara yanayoacha nyuzi yameondoka mezani.

Kuna somo moja sikulifanyia majaribio wala mjadala, ni amri. Usitafute kuvuja kwa mkono. Tundu dogo kama la sindano kwenye hozi yenye presha linarusha mafuta yanayoweza kupenya ngozi, hata presha ya baa 7 hivi inatosha, na mashine zetu ziko kwenye mamia. Kidonda kinaonekana kidogo kama umechomwa na sindano, hakiumi sana mwanzoni, mtu anafuta anaendelea na kazi, kumbe ndani mafuta yanaenea na yanaua nyama. Hiyo ni hospitali sasa hivi, na umwambie daktari wazi kwamba ni mafuta ya presha kubwa yameingia ndani, kwa sababu saa zikipita unaweza kupoteza kidole au mkono. Tunatumia kipande cha kadibodi kirefu. Na kabla ya kufungua chochote mashine inazimwa na kufungwa isiweze kuwashwa, mzigo unashushwa chini, wenzo zinachezwa kutoa presha iliyobaki, akyumuleta (chupa inayotunza mafuta yenye presha) inamwagwa, geji isome sifuri. Akyumuleta inajazwa naitrojeni kavu peke yake, oksijeni ikikutana na mafuta kwenye presha ni mlipuko. Hapa nilimuondoa kazini kwa siku tatu kijana ninayempenda sana kwa kuruka hatua moja, na ningefanya hivyo tena.

Sasa jina. Nilivyokuwa natafuta mitaala nikakuta Marekani kuna chama cha watu wa kazi hii tangu 1960, sasa kinaitwa International Fluid Power Society, kinatoa vyeti tofauti kwa fundi wa haidroliki ya viwandani, wa mashine zinazotembea, na wa nyumatiki, yaani mitambo ya hewa yenye presha. Nilichapisha ile orodha ya vyeti nikabandika ukutani, si kwamba tungefanya mtihani kesho, ila waone kuna watu duniani wanaitwa hivi na hii ni kazi kamili. Nikawasimulia na ilikotoka. Blaise Pascal alieleza kanuni yenyewe karne ya 17, lakini ni mwaka 1795 ndo Joseph Bramah wa Uingereza akapata hataza ya presi ya haidroliki, na shida iliyomsumbua ndo hii hii inayotusumbua sisi, kuvuja. Inasimuliwa kwamba aliyempa sili ya ngozi iliyozuia kuvuja ni kijana aliyekuwa ameajiriwa naye, Henry Maudslay, na kwamba huyo kijana baadaye aliomba nyongeza ya mshahara akakataliwa akaondoka kuanzisha karakana yake, akawa mmoja wa watengeneza mashine wakubwa kabisa wa zama zile. Hiyo hadithi niliipeleka hadi kwa bosi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Nikaenda naye safari hii na karatasi. Madaraja matatu, la kwanza anatengeneza hozi na kubadilisha sili kwa usalama, la pili anasoma mchoro na kupima, la tatu anatafuta chanzo cha tatizo na kumfundisha mwingine, na kila daraja lina orodha ya vitu mtu anavifanya mbele yetu kwa mikono, si kwa kusema. Cheo kiandikwe fundi haidroliki. Nyongeza iliyokuja haikuwa kubwa lakini ilikuja, na cheo kikaandikwa.

Aliyenishangaza kuliko wote ni dada mmoja wa stoo. Hakuwa fundi, alikuwa anatoa fitingi tu, viungio vya hozi, lakini kwa kuzishika kila siku alikuwa anajua kutofautisha BSP na NPT, aina mbili za nyuzi za fitingi, kwa jicho, na ile kona ya digrii 37 ya fitingi za JIC na ya digrii 45, vitu ambavyo mafundi wangu walikuwa wanachanganya halafu wanakaza kwa nguvu mpaka uzi unaharibika. Nikamuomba aje kwenye zile nusu saa za asubuhi, mwanzoni aje kutufundisha nyuzi. Hakurudi stoo. Sasa hivi yeye ndo anasimamia hozi zote.

Na wale waliohamia umeme? Wawili wamerudi, na wamerudi na faida, kwa sababu valvu za siku hizi zina koili ya umeme inayosukuma spuli, sensa na kadi za elektroniki. Zamani fundi umeme alikuwa anapima koili anasema umeme upo, sisi tunapima tunasema presha ipo, mashine imesimama siku nzima kila upande uko sahihi. Kumbe spuli imekwama kwa uchafu. Siku hizi anaenda mtu mmoja mwenye multimita mkono huu na geji mkono ule.

Wengine wawili wa daraja la tatu wameondoka mwaka huu, wamechukuliwa kwingine kwa pesa nzuri. Iliniuma, sifichi. Wiki iliyopita mmoja akanipigia usiku, yuko mbele ya mashine ambayo mimi sijawahi kuiona, akaanza kunisomea mchoro kwa simu, "fundi, pampu ya mjazo unaobadilika, laini ya mafuta ya kurudi kutoka kwenye bodi ya pampu nimepima inatoa mengi kuliko kawaida yake, ikipata moto presha inashuka baa 60". Nilichukua chaki nikaichora saketi yote sakafuni kwa maneno yake tu. Pampu imechakaa ndani, lakini nikamwambia kabla hajaitoa apime mafuta kwanza ajue uchafu umetoka wapi, asije akaua na mpya. Akajibu sampuli ameshaichukua.