Sufuri ya saluni ya Nyawera

Fundi aliyenifundisha kazi ya umeme hapa Bukavu alikuwa anasema: «Ukiona sufuri, shika waya.» Nililiamini neno hilo miaka minne. Sasa nikimsikia mtu akilirudia mbele ya vijana, ninakasirika kweli.

Ilikuwa saluni moja ya Nyawera, mvua imetoka kunyesha, sakafu ina maji. Mama mwenye saluni alitaka prizi mpya karibu na kioo. Nikazima dizonkteri ndogo, swichi inayokata umeme, nikafungua prizi, nikaweka ncha mbili za maltimita, kifaa cha kupima umeme. Sufuri. Kwa mazoea tu, nikagusa waya wa kwanza kwa turnevisi ya kupimia, ile yenye kataa kadogo (taa ndogo) ndani. Kakawaka. Nikagusa wa pili. Kakawaka pia!

Vidole vyangu vilikuwa karibu na shaba kama upana wa njugu.

Nilitoka nje, nikapigilia kipande cha nondo kwenye udongo uliolowa, nikavuta waya mrefu mpaka ndani. Kati ya nondo na waya wa kwanza: volti 217. Waya wa pili: 217. Aliyefunga ile nyumba alipitisha netri, waya wa kurudisha umeme, kwenye dizonkteri, na fazi, waya unaoleta umeme, ikaachwa ije moja kwa moja. Na mashine ya kukausha nywele ilikuwa imechomekwa prizi ya pili, swichi yake haijazimwa, basi fazi ikapita ndani yake ikarudi kwenye netri. Maltimita hupima tofauti ya ncha mbili. Waya zote zikiwa na 217, tofauti ni sufuri. Nikaenda kuzima dizonkteri kubwa karibu na kontere (mita ya umeme), inayokata waya zote mbili, nikapima tena na nondo, ndipo nikageuza waya, fazi ipite kwenye dizonkteri.

Tangu siku hiyo napima mara tatu: fazi na netri, fazi na ardhi, netri na ardhi. Na kabla ya kuamini sufuri naenda kwanza kwenye prizi yenye umeme, nione kifaa kinasoma, kisha narudi huko tena nikimaliza. Waya wa maltimita unaweza kukatika ndani ya plastiki bila wewe kuona. Ukisahau kitufe kwenye umeme wa betri, prizi yenye umeme pia itakuonyesha kama sufuri.

Kijana wangu aliacha waya mwekundu kwenye tundu la 10A la maltimita, la kupimia ampea, akapima prizi. Cheche, ncha ikayeyuka. Na fyuzi ya ndani kulikuwa mtu ameizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara! Tafadhali, weka fyuzi ya kauri yenye mchanga, ile iliyoandikwa kwenye kifaa. Kwenye tablo, sanduku la dizonkteri, natumia kifaa chenye alama ya usalama CAT III 600V. Changu nilikinunua dola thelathini na kitu.

Mama wa saluni alinipeleka kwake Kadutu nikapime na huko. Dizonkteri yake ilikuwa inakata netri.