Anauzika, lakini umepiga hesabu ya ahadi yake?

Mkunguni hapa Lamu, kwenye pwani ya Kenya, pakitajwa jina la mgombea, neno la kwanza huwa "anauzika au hauziki?", yaani wapiga kura watamkubali au la. Sera zake huulizwa kahawa ikifika kikombe cha tatu, zikiulizwa. Wamarekani nao ni wale wale. Mchujo wao wa urais, ambapo chama humchagua mgombea wake, huenda jimbo baada ya jimbo kwa miezi kadhaa, na swali hilo huwatafuna njia nzima. Mchujo wa chama cha Democratic wa 2020 ndio mzuri wa kusomea, kwa sababu wagombea walikuja na sera za uchumi zenye tarakimu, na tarakimu hukaguliwa na yeyote mwenye simu mkononi.

Tuanze na Andrew Yang, maana hesabu yake ni nyepesi: dola 1,000 kila mwezi kwa kila raia mtu mzima, bila masharti. Chukua watu wazima milioni 230, zidisha kwa dola 12,000 za mwaka mzima, unapata trilioni 2.76. Mapato yote ya serikali kuu ya Marekani katika mwaka wa fedha wa 2019 yalikuwa karibu trilioni 3.5, na humo bado hujalipa jeshi, pensheni wala riba ya madeni. Yang alijibu kwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 10, ambayo kwa makadirio yake ingeleta bilioni 800. Sisi tunaolipa asilimia 16 dukani tunaijua kodi hiyo: haimuulizi mnunuzi kama ana kazi.

Hata hivyo maskini hakuonewa kwa namna watu wengi walivyodhani. Anayetumia dola 20,000 kwa mwaka angelipa kodi isiyozidi 2,000, huku akipokea 12,000. Aliyeumia ni mwingine. Mpango ulimtaka anayepokea misaada fulani ya serikali achague: misaada ile au zile dola elfu. Mwenye misaada inayokaribia dola 1,000 kwa mwezi angebaki pale pale alipo, kisha bei za vitu zimpande. Shimo hilo halionekani mpaka uufuate mkono mmoja mmoja, nani anatoa na nani anapokea.

Elizabeth Warren alikuja na kodi ya mali: asilimia 2 kwa mali inayozidi dola milioni 50, na asilimia 3 kwa inayozidi bilioni moja. Wengi waliisoma vibaya. Mwenye milioni 60 halipi asilimia 2 ya milioni 60. Analipa ya zile milioni 10 za juu tu, yaani dola 200,000. Ugumu wake uko kwenye kuthamini. Hisa zinazouzwa sokoni zina bei kila siku, lakini kampuni ya familia, michoro au ardhi havina. Fikiria nyumba ya mawe ya mtaa wa Mkomani, mirathi haijagawanywa, warithi kumi na saba, watatu wako Uarabuni: ofisa wa kodi aandike shilingi ngapi, na amdai nani? Kati ya nchi tajiri za OECD, 12 zilikuwa na kodi ya mali mwaka 1990. Kufikia 2017 zimebaki 4. Juu ya hayo, katiba ya Marekani inataka kodi ya moja kwa moja, isipokuwa ya mapato, igawanywe kwa majimbo kulingana na idadi ya watu, na mawakili wangeishika hoja hiyo siku ya kwanza.

Kisha bima ya afya ya serikali kwa wote, ahadi ya Bernie Sanders. Makadirio ya matumizi mapya ya serikali yalipita dola trilioni 30 kwa miaka 10, na namba hiyo ikageuzwa rungu. Mezani iliwekwa nusu ya hesabu tu. Serikali ingelipa zaidi, ndiyo, lakini kaya na waajiri wangeacha kulipa bima za kampuni binafsi. Mwenye mshahara wa shilingi 40,000 hapa, anayekatwa 1,100 za SHA, bima ya afya ya serikali yetu, kwa ile asilimia 2.75, anajua swali lenyewe: kabla ya makato nilikuwa nikilipa ngapi hospitalini, na sasa nalipa ngapi kwa jumla? Novemba 2019 Warren alitoa mpango wake wa kuigharimia bima hiyo, dola trilioni 20.5 za matumizi mapya, akisema tabaka la kati halitaongezewa kodi. Kura za maoni zilianza kumshusha kipindi hicho hicho. Sababu hazikuwa moja, lakini aliyeweka risiti mezani ndiye aliyehojiwa kila bei. Joe Biden aliahidi kidogo, bima ya serikali ya hiari pembeni ya zile za kampuni kwa karibu dola bilioni 750 kwa miaka 10, na hakuna aliyemkalia kooni kwa kalamu.

Hapo ndipo kuuzika kunapoingia. Mwaka 2016 chama chao kilipoteza Michigan, Wisconsin na Pennsylvania kwa jumla ya kura zisizofika 80,000, na urais ukaenda nazo. Kwa hiyo mpiga kura wa mchujo wa 2020 hakujiuliza "mimi namtaka nani?" Alijiuliza jirani yake wa Wisconsin, ambaye hajawahi kuonana naye, atamkubali nani. Ni kubahatisha mawazo ya mtu anayebahatisha mawazo yako.

Kanuni za kugawa wajumbe, wale wanaompitisha mgombea kwenye mkutano mkuu wa chama, huzidisha kubahatisha huko. Katika mchujo wa Democratic, mgombea asiyefika asilimia 15 hapati mjumbe. Chukua jimbo lenye wajumbe 40, na kwa urahisi tuache mgawanyo wa wilaya. Wagombea watano wanapata asilimia 36, 24, 14, 13 na 13. Watatu wa mwisho wanafutwa. Wa kwanza anachukua wajumbe 24, wa pili 16. Asilimia 40 ya wapiga kura wamerudi nyumbani mikono mitupu, ingawa huenda wote walitaka sera zinazofanana. Duru inayofuata hawarudii kosa: wanahamia kwa mwenye uhakika wa kuvuka 15, na yule wa asilimia 14 anafifia, anaambiwa "si tulisema hauziki?"

Ndivyo ilivyokwenda. Februari 29 Biden alishinda South Carolina kwa mbali, kwa kura za Wamarekani weusi. Pete Buttigieg akajitoa Machi 1, Amy Klobuchar Machi 2, wote wakamuunga mkono. Machi 3 majimbo 14 yalipiga kura na Biden akachukua 10. Warren alishika nafasi ya tatu Massachusetts, jimbo analoliwakilisha mwenyewe katika Seneti. Ndani ya siku nne mjadala wa kodi ya mali ulikuwa umezikwa, na hakuna aliyekuwa ameishinda hoja yake.

Wanaopenda hesabu husahau Seneti. Sheria nyingi huko huhitaji maseneta 60 ili mjadala ufungwe, isipokuwa zile za bajeti, ambazo wingi mdogo unatosha. Mwaka 2021 mshahara wa chini wa dola 15 kwa saa ulitolewa kwenye mswada kwa sababu mshauri wa kanuni za Seneti aliona hauendi na njia ya bajeti. Mswada huo huo ulipitisha dola 3,600 kwa mwaka kwa kila mtoto chini ya miaka 6, na 3,000 kwa wakubwa zaidi, kwa familia zinazostahili. Kiwango hicho kilikuwa cha mwaka mmoja, kikakatika. Kwa hiyo pembeni ya kila ahadi andika ni mlango upi inapitia.

Kwetu mchujo wa urais ni wa jina tu. Machi 2022 wajumbe wa chama cha UDA na wa muungano wa Azimio walikusanyika kumthibitisha mtu aliyekwisha julikana, kwa hiyo sera hazikupata pa kupigwa msasa. Ahadi ya Azimio ya shilingi 6,000 kwa mwezi kwa kaya maskini, ukichukua kaya milioni 2, ni bilioni 144 kwa mwaka. Hazina ya Hasla iliahidiwa bilioni 50, ikaanza Novemba 2022 kwa mikopo ya kuanzia shilingi 500, na asilimia 5 ya mkopo ikawekwa akiba: aliyeomba 500 alishika 475. Kuuzika kwetu nako kuna sura yake. Ibara ya 138 ya Katiba inamdai mshindi wa urais zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. Kwa sharti hilo la pili Lamu, yenye wapiga kura wasiofika laki moja, ni kaunti moja sawasawa na Nairobi. Anayesema kura za Lamu hazibadilishi kitu amesoma nusu ya ibara.

Mchujo wenye jasho kwetu ni wa ugavana na udiwani, na huko kosa ni lile lile la mlango. Mgombea ugavana akiahidi barafu na mizani bandarini mwa wavuvi, muulize bei na bajeti, maana uvuvi umo katika kazi za kaunti kwenye Jedwali la Nne la Katiba. Akiahidi kumaliza fidia ya wavuvi walioathiriwa na bandari mpya ya Lamu, ile ya mradi wa LAPSSET, zile shilingi bilioni 1.76 ambazo Mahakama Kuu iliamua mwaka 2018 kwa wavuvi wapatao 4,600, piga kwanza: ni karibu 383,000 kwa kila mmoja. Kisha muulize ataitoa kwenye akaunti gani, kwa sababu bandari ile si ya kaunti.