Dirisha la kujitazamia

Jamani leo kioo changu kimefika!!

Wiki mbili namsumbua fundi wa kuchomelea pale Gerezani, nimempelekea picha kwenye simu, fremu ya skwea paipu imegawanywa vyumba 9 kama madirisha ya viwanda vya zamani, rangi nyeusi isiyong'aa. Akaniuliza "dada, na komeo niweke?" 😂

Kukileta sasa! Nimekikumbatia kwenye bajaji kama mgonjwa mpaka Sinza, kizito huo. Mwenye nyumba hataki matobo ukutani basi nimekiegemeza tu kwenye korido yetu ya giza.

Mama kaingia, kakiangalia weee, kasema "mwanangu, umeleta dirisha la selo ndani?"

Ila saa kumi na moja jua likapita mlangoni likakigonga, korido nzima ikawaka, ndo nikaona kwenye kona ya chini ya fremu dole gumba la fundi limegandia kwenye rangi. Mistari yote ipo.

Nilishachukua brashi nipake juu yake, nikairudisha.

Nyie mngeliacha? Na nani anajua namna ya kukizuia kisiteleze bila kutoboa, nina mtoto wa miaka 3 hapa 🙏