Ukuta wa nyuma

Jumapili, saa nne usiku. Nyumba nzima inanuka mwani. Shangazi kafungua madirisha yote na bado anaguna, lakini sufuria ni yake na mwani kauleta yeye, kwa hiyo hajanifukuza jikoni.

Ninachopika ni shingo. Mwani ukichemka muda mrefu ukachujwa, maji yake yakipoa huganda yakawa kama nyama laini inayopitisha mwanga. Ndani yake nimelaza mpira mwembamba wa kipenyo cha milimita 6, huo ndio mshipa, na pampu ndogo inasukuma maji ya rozela yapite. Nikiwasha tochi upande wa pili naiona sindano inavyozama, naona inapougusa mpira, naona mpira unavyobonyea kabla ya kutoboka. Hapo kwenye kubonyea ndipo moyo wangu umekaa wiki tatu sasa.

Mchana natengeneza mashine za oksijeni na mizani ya watoto wachanga. Hili la shingo nimeingizwa na daktari wa upasuaji wa mishipa niliyefahamiana naye nikiwa masomoni Dar es Salaam. Anataka shingo ya bei nafuu ya kufundishia vijana wake, na anataka nifikirie upya kipande kimoja tu cha mrija unaoingia mshipani.

Shingoni tuna karotidi mbili, kulia na kushoto, nazo ndizo zinazopeleka sehemu kubwa ya damu ya ubongo. Mafuta yakigandamana mahali karotidi inapogawanyika, kipande kinaweza kumeguka, kikapanda juu, na mtu akapata kiharusi. Tangu miaka ya 1950 madaktari wamekuwa wakiufungua mshipa na kuyatoa mafuta yale. Baadaye ikaja njia ya kupitisha stenti, kibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa ukae wazi, kutoka pajani. Kidonda ni kidogo, lakini safari ni ndefu: waya unapanda hadi upinde wa aota, juu ya moyo, na kwa wazee upinde ule mara nyingi umekakamaa, umejipinda, umejaa uchafu. Unakwenda kuzuia kiharusi, na njiani unaweza kukisababisha.

Ndiyo maana wengine wakarudi shingoni. Nasema wakarudi kwa sababu Egas Moniz wa Ureno, alipopiga picha za mishipa ya ubongo mwaka 1927, dawa yake aliipitishia kwenye karotidi. Siku hizi mkato mfupi unafanywa juu kidogo ya mtulinga, na mrija unaingizwa moja kwa moja. Kampuni ya Silk Road Medical ya Marekani iliruhusiwa kuuza mfumo wake wa namna hii mwaka 2015, na sehemu yake moja sichoki kuisimulia. Karotidi inabanwa chini ya mrija. Damu kutoka mishipa mingine ya ubongo inashuka kinyumenyume, inatoka kwa mrija, inapita kwenye chujio na kuingia kwenye vena ya paja, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, ambako shinikizo ni dogo. Hakuna pampu. Damu yenyewe inabeba vipande vilivyomeguka na kuvipeleka mbali na ubongo. Katika utafiti wao wa ROADSTER, kati ya wagonjwa 141, waliopata kiharusi ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 1.4. Nilipoisoma mara ya kwanza nilisimama, nikazunguka chumba.

Ila shingo haina nafasi. Kutoka mtulinga hadi karotidi inapogawanyika zinatakiwa angalau sentimita 5, na ndani ya sentimita hizo sindano, waya na mrija vyote vipate pa kukaa bila kuyagusa mafuta. Paja likivuja damu unaligandamiza. Shingo ikivuja, uvimbe unaweza kulibana koo mgonjwa akashindwa kupumua. Na nyuma ya ule ukuta wa mbele uliobonyea kuna ukuta wa nyuma, milimita chache tu. Ukisukuma kwa nguvu ya kutoboa wa kwanza, nguvu ile ile inakufikisha wa pili.

Jana nilijaribu mara 12. Mara 5 rozela ilimwagika upande wa nyuma, ikatandaa ndani ya mwani kama wingu. Mkono wangu mwenyewe, mezani, bila mgonjwa, bila presha yoyote.

Leo asubuhi nilikwenda Sahare kwa mjomba. Anatengeneza mashua na bado anatumia keke ya mkono kutobolea mbao. Shikamoo, marahaba, akaendelea na ubao wake. Nikaona kwenye chuma cha keke amefunga uzi, mizunguko minne mitano, umekazwa. Uzi ukigusa ubao, anaacha.

"Mjomba, miaka yote hii bado unahitaji uzi?"

"Mkono unachoka, mwanangu. Uzi hauchoki."

Kola ya kuzuia mrija usiingie zaidi ya kiasi si jambo geni, mfumo wa Marekani unayo. Lakini mimi nilikuwa nimeiweka kwenye mrija peke yake, na sindano, ambayo ndiyo inayotangulia, nimeiachia mkono. Nilirudi nyumbani mbio. Nimekata kola ya plastiki, nikaivisha sindano, nikaipima kwa ultrasaundi ya kuazima: kutoka ngozi ya mwani hadi katikati ya mpira, basi.

Baba amekaa sebuleni ananisikiliza nikihesabu. Mkono wake wa kulia umelala mapajani tangu mwaka juzi. Kiharusi chake kilitokana na presha, mshipa ulipasuka ndani ya kichwa. Chombo hiki kisingemsaidia, na nimemwambia hivyo. Akasema, "Hesabu kwa sauti."

Majaribio 12 tena. Kumi, hakuna kilichovuja nyuma. La 11 na la 12 yamevuja. Nikaitoa sindano kwenye mwanga: kola imeteleza milimita 3. Ilikuwa imelowa.

Mjomba aliniuliza nilipokuwa natoka, nami sikumjibu: "Na yako ukiifunga, ikilowa itashika?" Uzi wake anaupaka nta.

Shangazi kalala. Nimeweka sufuria nyingine motoni.