Mto Usiojaza Fomu

Rujewa, mwishoni mwa Oktoba

Kila anayetaka maji ya Usangu huja ofisini na karatasi. Skimu ya umwagiliaji huleta maombi pamoja na muhtasari wa kikao, mwekezaji huleta ya kwake yamegongwa muhuri, mamlaka ya maji ya mji huandika barua. Mto wenyewe, Ruaha Mkuu, hauandiki. Viboko waliosongamana kwenye madimbwi ya Msembe, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hawana mwakilishi kwenye kikao cha ugawaji isipokuwa sisi wa ofisi ya maji ya bonde, tunaolipwa mshahara kwa kazi hiyo. Mwezi huu nimeliwaza jambo hili sana, maana ndio mwezi ambao maji yanayoteremka milimani ni kidogo na kila lango linaloachwa wazi lina uzito wake.

Kisheria mto una ulinzi mzuri. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inasema maji ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi. Katika kugawa, matumizi ya nyumbani yanatangulia, kisha maji ya mazingira, ndipo kilimo, umeme na mengineyo yafuate kadiri yanavyotosha. Mazingira ni ya pili, si masalio. Kila kijana anayepangiwa kazi kwenye timu yangu namsomea kifungu hicho siku ya kwanza, halafu nampeleka mtoni wakati wa kiangazi aone jinsi ya pili inavyogeuka kuwa ya mwisho.

Asiyeifahamu nchi hii anahitaji kuelewa jinsi maji yanavyosafiri. Chimala, Kimani, Mbarali na Ndembera hushuka kutoka nyanda za juu za kusini na kuingia tambarare ya Usangu. Hapo kuna mashamba makubwa ya Mbarali, Kapunga na Madibira, na kuyazunguka kuna majaruba ya wakulima wadogo yasiyo na mwisho machoni. Kinachobaki huingia kwenye bwawa la asili la Ihefu. Maji ya Ihefu hayatoki hovyo. Kwenye mlango wake, Ng'iriama, kuna kizingiti cha mwamba, na maji lazima yapande hadi yakivuke ndipo Ruaha Mkuu uendelee kuelekea hifadhini, kisha Mtera yenye mitambo ya umeme ya megawati 80, kisha Kidatu yenye megawati 204. Yakiingia machache, jua na matete hunywa yote na kizingiti hubaki kikavu. Ndivyo ilivyokuwa kiangazi cha mwaka 1993, na tangu hapo mto umekuwa ukikatika ndani ya hifadhi.

Mwaka 2001, akiwa London, Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu ungetiririka mwaka mzima. Wafugaji wakahamishwa Usangu kuanzia 2006. Mwaka 2008 pori la akiba la Usangu likaunganishwa na hifadhi, eneo likafika zaidi ya kilomita za mraba elfu ishirini. 2010 ikapita na mto ukaendelea kukauka. Nasema hapa ninachokiamini kwa dhati: kuwaondoa watu na mifugo bwawani hakukuurudisha mto kwa sababu sehemu kubwa ya maji ya kiangazi haikuwa ikipotelea kwenye kwato. Ilikuwa haifiki bwawani kabisa. Ilikuwa inaishia kwenye mabanio, vile vizuizi vinavyochepusha maji ya mto kwenda mifereji ya mashamba.

Banio la zamani lilijengwa kwa mawe, magogo, nyasi na udongo. Lilivuja. Mvuja ule ulimlisha jirani wa chini, na jirani wa jirani, hadi Ihefu. Likaja banio la zege lenye lango la chuma, likaitwa uboreshaji, na kwa mkulima kweli ni nafuu kubwa, kwani halibebwi na mafuriko na halimtoi mtu kitandani usiku kwenda kuziba. Lakini zege halivuji. Oktoba, mto ukiwa mwembamba, lango moja laweza kuuchukua wote na kuacha mchanga upande wa chini. Na kibali huandikwa kwa kiasi cha juu cha lita kwa sekunde, kiasi ambacho mtu hukifikiria akiwa anautazama mto wa masika.

Wiki hii tulipita mabanio ya juu. Nina utaratibu ambao siuvunji: hatuingii kijijini bila mtendaji kujua, hatusemi neno la lawama kabla hatujapima, na tunapima mahali pawili, mtoni na mferejini. Kwenye banio moja tulikuta maji mengi zaidi yanaingia mferejini kuliko yanayobaki mtoni, na mpunga ulishavunwa zamani. Majaruba yalikuwa makavu, ng'ombe wanakula mabua. Fundi wetu, kijana hodari na mwenye haraka, alikuwa tayari na kufuli na kitabu cha notisi.

Mzee wa kamati ya skimu alitusubiri kivulini. Tulimwamkia, akaitikia, akauliza jambo moja tu.

"Mwanangu, ukifunga hapa, watoto kule mwisho wa mfereji wanywe nini?"

Nikamwomba atuongoze hadi huko mwisho. Tulitembea na mfereji muda mrefu chini ya jua kali. Mwanzoni maji yalikuwa tele. Mbele yakaanza kupenya kwenye kuta za udongo na kusambaa kwenye magugu, mahali pengine yakatuama na kuwa tope la nguruwe, mahali pengine vijana walikuwa wanafyatua matofali. Tulipofika nyumba za mwisho kulikuwa na kijito cha kuziba kwa mikono miwili, na akina mama wanachota kwa bakuli, ndoo moja baada ya nyingine, wakisubiri tope litulie. Mama mmoja alituambia wanachemsha wakipata kuni.

Hapo ndipo hesabu ya Usangu inaponiumiza. Mkondo mzima unatolewa mtoni, usiku na mchana, miezi ya ukame yote, ili mwisho wake zijae ndoo za kaya chache. Waliokuwa wanachota hawana kosa. Sheria ileile ninayowasomea vijana inawaweka wa kwanza. Na viboko wa Msembe nao wana haki yao ya pili. Pande zote mbili zinapoteza, na maji yanakwenda kwenye magugu.

Kisima chenye pampu pale kijijini kingetoa yale maji ya kunywa kwa sehemu ndogo sana ya kinachochukuliwa mferejini, yakiwa safi, na lango la banio lingefungwa kuanzia mavuno hadi maandalizi ya vitalu bila mtu kubaki na kiu. Tulipokuwa tunarudi fundi wetu alinipinga kwa heshima. "Mkuu, visima vya vijiji ni kazi ya RUWASA, wakala wa maji vijijini. Sisi ni bonde, tunalinda mto." Ni kweli sisi hatuchimbi. Lakini kibali cha kisima kinatoka kwetu, vipimo vya mfereji viko kwetu, na hakuna mwingine anayesimama mahali pawili, pa banio na pa hifadhi, akaona kwamba ni jambo moja. Kama kulinda mto ni kufuli tu, basi tutafunga mchana na wao watafungua usiku, na mimi ningekuwa mmoja wao ningefungua pia.

Sisemi kufuli halina kazi. Yupo anayelima mpunga wa pili kiangazi bila kibali, wapo wanaochepusha maji kwa pampu ndani ya zile mita 60 za kando ya mto zinazolindwa na sheria. Hao tunawachukulia hatua na nitaendelea. Ila sitaki timu yangu iwachanganye na mama mwenye bakuli.

Tulikubaliana na kamati: lango litashushwa, maji yataachwa mferejini kwa zamu, siku za kuchota zikitangazwa na mtendaji, na wao wenyewe watachagua wa kushika ufunguo. Fundi ndiye aliyeandika makubaliano, kwa mwandiko mzuri, akamsomea mzee mara mbili kabla hajatia sahihi.

Kesho nakwenda Iringa na mapendekezo mawili. La kwanza ni orodha ya vijiji ambavyo mfereji ndio bomba lao, vipewe kipaumbele cha visima tukiwa tumeshafanya upimaji wa awali, ili wenzetu wa maji vijijini wasianze sifuri. La pili ni kwamba kila kibali cha skimu kitakapohuishwa kiwe na viwango viwili, cha masika na cha kiangazi, na cha kiangazi kiandikwe baada ya kutenga maji ya kuvuka kizingiti cha Ng'iriama, si kabla. Hilo la pili litapata wapinzani, hasa kwa wenye mabanio makubwa, na nawaelewa kwa sababu wamekopa kwa matumaini ya maji yaleyale. Nimebeba vipimo vya kila banio tulilopita, mtoni na mferejini, na nimemwomba fundi aje aviwasilishe yeye.