Ndiyo maana

Nimeosha sufuria ya wali mara mbili, maana nilisahau kama nilikwisha kuiosha. Akili bado iko kwenye mazoezi ya Alhamisi.

"Dada, hebu hamia sauti ya tatu."

"Mwalimu, si ya wanaume ile?"

"Ndiyo maana."

Basi. Kwaya nzima ikacheka, nami nikacheka nao, nikabeba daftari langu nikaenda kusimama nyuma ya yule kijana wa bodaboda mwenye kikohozi. Miaka kumi na tisa niko sauti ya pili! Tangu siku ile naijibu hiyo "ndiyo maana" kwenye daladala, naijibu nikichambua mchicha. Labda alimaanisha wanaume wa sauti ya tatu wamepungua, ni kweli wawili wamehamia Dodoma. Lakini mbona alitabasamu kabla ya kusema? Hata Jumamosi kwenye sendofu ya mdogo wangu, nilipopewa kipaza sauti nitoe nasaha, nilibana koo mpaka nikatoka kama filimbi. Shangazi akauliza kama nina mafua.

Jana usiku binti yangu akanichomeka spika ya sikioni. "Mama, msikilize huyu."

Gitaa linatetemeka kama maji kwenye karai, halafu sauti inapanda kutoka chini kabisa. Nikasema, huyu baba anaimba jamani. Mtoto akaanguka kitandani kwa kicheko. Kumbe ni mwanamke, Mavis Staples wa Marekani, ule wimbo wa Uncloudy Day wa 1956, naye hakuwa ametimiza hata miaka ishirini! Wengi walioisikia redioni enzi hizo walidhani ni mwanamume, kwa hiyo siko peke yangu.

Tukakaa mpaka saa sita tukisoma habari zake. Baba yake, Pops, alitoka Mississippi akafanya kazi Chicago kwenye viwanda vya nyama, na jioni aliwaketisha watoto sakafuni, kila mmoja akampa sauti yake ya kushika. Aliyeongoza ni kaka mtu, Pervis. Alipobalehe sauti ikabadilika, ndipo baba akamsogeza Mavis mbele na sauti yake nzito vilevile. Kanisani, kisha kwenye mikutano ya Martin Luther King, kisha muziki wa soul, yaani wa kidunia, na 1972 wimbo wao ukashika namba moja Marekani. Wapo waumini waliowanung'unikia kwamba wamehamia kwa shetani. (Hao hata kwetu wapo, wanajijua.) Tuzo yake ya kwanza ya muziki ya Grammy aliyoshindania ilikuja 2011, akiwa na miaka 71. Baba na ndugu zake wote wamekwisha kufariki, yeye bado anapanda jukwaani.

Mimi nina hamsini na mbili.

Leo ibadani sikubana. Kwenye beti la pili niliiachia ishuke inakotaka, na yule wa bodaboda akageuka kuangalia nani kasimama nyuma yake. Mwalimu aliendelea kupunga mkono, macho kwenye karatasi. Sijui kama alisikia, ila karatasi aliishika juu chini.

Kumbe dawa ya presha ya Mama imebaki vidonge vitatu, na duka la dawa la hapa jirani leo halijafungua. Nilimwambia dogo anunue tangu Ijumaa.